Majibu Yasiyotakiwa Kutoka

Kaka yangu mpendwa,

Natumaini dereva wetu wa maabara anakukabidhi barua hii ukiwa mzima, wewe, wifi na yule kichanga wenu, Bosi, mwenye mashavu. Mimi mwili hauna neno, ila roho imenisonga. Kwenye simu nimeshindwa, maana kila ukipokea unaanza utani wako.

Ulitangaza gereji nzima kwamba dada yako kapewa hela za utafiti. Ni kweli, ule ufadhili wa watafiti chipukizi niliouomba mpaka nikachoka ulitoka. Kazi yenyewe ni kupima ute wa mdomo wa watoto wachanga, kutafuta kirusi ambacho mama hukipata akadhani ni mafua tu, kumbe kimemfikia mtoto tumboni. Wengi hawadhuriki. Wengine huzaliwa wazima, kisha uwezo wa kusikia unapotea taratibu.

Wifi alikubali Bosi apimwe. Nilimpitishia kijiti cha pamba mdomoni, nikabandika namba mwenyewe, naye akanipigia kelele kama ananidai. Wiki hii majibu yametoka. Kaka, kaa chini. Bosi anacho.

Nilimwendea mkuu wa maabara. Alinikumbusha mkataba niliotia saini: kipimo chetu bado kinajaribiwa, mzazi haambiwi kitu. Wafadhili wakisikia, wanasitisha kila kitu, na mimi sitapata tena ufadhili popote. Halafu akaniuliza kwa upole, nikimwambia kaka yangu, wale wazazi wengine wamenikosea nini? Si mtu mbaya. Swali hilo nililibeba mpaka nyumbani.

Basi mkataba nimeuvunja. Mpelekeni hospitali leo hii, semeni mnataka apimwe upya, na masikio pia. Jina la kirusi nimeliandika nyuma ya bahasha. Dawa ipo, lakini daktari akiamua kumpa, inatakiwa ianze kabla hajafikisha mwezi. Wifi asijilaumu hata kidogo, asingeweza kujua.

Lipo lingine. Yule mama wa kitanda cha jirani kule wodini, aliyelalamika kwamba wifi anakoroma, nilimpima mwanawe siku ileile. Naye anacho. Wengine waliokutwa nacho kwangu ni namba tu, sizijui nyuso zao, na hilo linaninyima raha. Lakini huyu wifi anayo simu yake. Mwambieni. Akiuliza mmejuaje, nitajeni.

Nisalimie wifi sana. Bosi mwimbie kila siku, hata kwa sauti yako hiyo mbovu.

Ni mimi dada yako,
Shangazi wa Bosi