Kitambaa cha Mama juu ya Seva

Jumapili.

Kumbe ni kitambaa. Wiki nzima video za harusi za wateja wangu zimekuwa zikihamia kwenye seva, ile kompyuta ya sebuleni ninayohifadhia kazi, kwa mwendo wa kinyonga. Nimebadilisha waya, nimemtukana hata muuzaji wa diski kule Gitega.

Mama ameifunika seva kwa kitambaa chake cha kufuma, kama alivyofunika televisheni, redio na kila kiti cha nyumba hii. Feni haipati hewa, mashine inachemka, basi inapunguza kasi.

Nilikivuta mbele ya wageni wake. "Mama, usiguse vitu usivyovijua."

"Nilikuwa nazuia vumbi tu," akasema. Wageni wakatazama chai yao.

Sikuwaambia kwamba kila nilipobadilisha waya nilikiinua kitambaa hicho kwa mkono wangu, kisha nikakirudisha na kukinyoosha vizuri.

Sasa video zinahama haraka. Vitambaa vyote vimeondoka sebuleni, Mama amevikunja mwenyewe.

Jioni alisimama kwenye mlango wa jiko akaniuliza kama anaweza kugusa birika. Nikamwambia anaweza.