Ukurasa wa Tisa

Mshauri wetu mpendwa, nakuandikia nikiwa ofisini, mlango nimeufunga, nisaidie kabla ya Ijumaa kwa sababu siku hiyo kijitabu kinakwenda kuchapwa, na mimi ndiye mwandishi wake, kile cha kuwakaribisha wageni katika nchi yetu ndogo yenye jua mwaka mzima na watu wakarimu na mvua fupi za jioni, kazi ya miaka kumi na moja, na nikuambie ukweli, mengi humo nayanakili tu kutoka toleo lililotangulia, nabadilisha picha na nauli, basi, maana ofisi haina gari na bosi hapendi safari.

Sasa ukurasa wa tisa unasifu ufuo wa kaskazini, "maji tulivu, watoto huogelea bila wasiwasi," na mimi huko sijawahi kufika, haki ya Mungu, sentensi hiyo niliikuta, na mwezi wa pili mdogo wangu akarudi kutoka ughaibuni na mkewe na binti yao, miaka mingi hayupo, amekuwa mgeni kabisa, akanipigia asubuhi akicheka, "Kaka, tuko ukurasa wa tisa! Hakuna mtu hata mmoja, ufuo wote wetu!" nami nikamjibu, "Karibuni nchini," tukacheka wote, na kabla ya saa sita mkondo ukambeba binti, baba yake akamfuata, mtoto akaokolewa na wachimba mchanga, mdogo wangu akapatikana siku ya tatu. Wale wachimbaji walishangaa. "Tangu mchanga uanze kuchimbwa hapa mkondo umekuwa mkali, haogi mtu. Nani aliwaleta?"

Mama anasema ni ajali, majirani wanasema ni kazi ya Mungu, nami naitikia. Shemeji yeye kijitabu anacho, kimekunjwa ukurasa ule ule, na juzi akaniuliza taratibu, "Shemeji, wewe pale uliogelea lini?" Nikajifanya simu inaita, nikatoka nje. Bosi nilimwomba tuifute sentensi, akasema, "Ukiifuta sasa, umekiri. Iache, watu watasahau." Nina watoto watatu na mshahara ni huu huu. Nifanye nini?

Mwandishi Asiyefika

*

Wewe Mwandishi Asiyefika,

Pole. Pole sana, na ipokee sasa, kwa sababu baada ya hapa sina maneno matamu.

Hukukusudia kumuua mdogo wako. Lakini usinijie na "niliikuta." Uliikuta mara moja; miaka yote iliyofuata uliiandika wewe. Na huyo shemeji yako anajua. Mtu haulizi swali kama lile kwa upole namna ile ikiwa jibu hana. Anangoja kuona kama utamdanganya ukimtazama usoni, nawe ukakimbilia simu. Aibu!

Haya, sikiliza. Sentensi ifute leo, Ijumaa usiingoje, na mahali pake uandike kwamba maji yale yameua na asiingie mtu. Bosi akikataa, mwandikie barua yenye sahihi yako, nakala ubaki nayo. Anaweza kukufukuza, sikufichi. Kisha keti na shemeji, mama yako awepo, umjibu alichokuuliza: "Sijawahi kufika." Usianze kulia wewe, wasije wakaacha msiba wao wakubembeleze. Watakalokuambia, lipokee ukiwa umekaa, hata kama ni kukufukuza nyumbani.

Lakini kuna jambo limenikosesha raha. Barua yako nimeisoma mara mbili, na hukutaja popote vijitabu vilivyokwisha kutoka. Viko hotelini. Viko uwanja wa ndege. Fungua huo mlango, kavikusanye, kwa mikono yako, sasa hivi. Wakati unanisoma, kuna baba mahali fulani anawakunjia watoto wake taulo, na anakuamini.