Risasi Mbili Chini ya Miamba Myeusi

Elko, Novemba 19

Kaka yangu Ganix,

Nakusalimu kwa mapenzi yote, wewe na wifi Colette na mapacha. Natumai kifua cha yule mdogo kimepona na mnalala. Sisi huku tunapumua. Mama goti linamsumbua tangu baridi ianze, lakini ulimi hauna ugonjwa wowote. Kila asubuhi anagombana na redio mpaka namwonea huruma mtangazaji.

Isome barua hii ukiwa peke yako, tafadhali.

Unajua nimeomba kibali cha kuwinda kulungu dume katika milima yetu miaka kumi na sita mfululizo, na mwaka huu jina langu likatoka kwenye kura. Mama aliposikia nakwenda peke yangu alinuna siku tatu. Akasema mlima umeshachukua mtu mmoja wa nyumba hii, unamtaka wa pili wa nini? Nikamjibu kwamba Baba aliteleza kwenye barafu, na mimi nina viatu vizuri kuliko vyake. Naona aibu sasa kwa jibu lile.

Niliacha gari mwisho wa barabara, nikapanda nusu siku na mzigo mgongoni. Kwenye chemchemi nilimkuta mzee anaitwa Orval Tackett, mwindaji wa mji wa Wells, na nyumbu wake wa mizigo. Aliuangalia mzigo wangu akacheka. "Binti, umemhama mume au unawinda?" Nikamwambia mume alihama mwenyewe. Akacheka mpaka akakohoa, akanipa kahawa. Tukagawana mlima kama watu wazima: yeye atakaa chini ya miamba myeusi, mimi nitakaa juu ya ukingo, na nisielekeze bunduki huko chini. Nikampa neno langu.

Siku ya pili jioni nilimwona dume mwenyewe. Kaka, sijawahi kuona pembe vile. Zilipita masikio yake makubwa kwa kiganja kizima kila upande, nene kama mkono wangu. Sikumsumbua. Asubuhi iliyofuata, jua likiwa ndiyo kwanza linagusa theluji, nilimkuta amelala kwenye vichaka ng'ambo ya korongo, mbali na upande wa mzee. Nikatia risasi nne, nikalala juu ya mwamba, nikangoja asimame.

Hapo ndipo nikasikia harufu ya nywele zinazoungua. Mdomoni ikaja ladha ya chuma. Nikajiambia ni njaa.

Kilichofuata sikijui, Ganix. Nilipozinduka nilikuwa nimesimama, hatua kama arobaini kutoka kwenye mzigo wangu, mkono mmoja hauna glavu na ulimi unatoka damu. Jua lilikuwa limeshapanda juu ya kilele. Bunduki ilikuwa mikononi, mdomo wake umeelekea chini, kwenye miamba myeusi, nao unanuka baruti. Nikaifungua. Zilibaki risasi mbili.

Nikatazama ng'ambo. Vichaka vilikuwa vitupu.

Nikamwita Orval kwa sauti yote niliyonayo. Mlima ukanirudishia jina lake, basi. Nikatoa zile risasi nikazitupa ndani ya mzigo, kwa maana sikuiamini tena mikono yangu mwenyewe, nikaanza kushuka. Chini ya korongo nikakuta damu kwenye theluji. Matone kwanza, halafu mstari. Ilikuwa imekanyagwakanyagwa kiasi kwamba sikuweza kusema kama ni kwato au viatu. Nilimwomba Mungu vitu ambavyo sithubutu kuviandika. Mbele, nyuma ya kichaka cha mreteni, kulikuwa na kitu kimelala, rangi ya kijivu iliyoingia hudhurungi. Koti la mzee lilikuwa rangi hiyohiyo. Hatua ishirini zile nilizitembea kama ninakwenda kunyongwa.

Alikuwa kulungu. Dume yule yule, na tundu moja nyuma ya bega. Nilikaa kwenye theluji kando yake nikalia kwa furaha. Halafu nikakumbuka kwamba tundu ni moja, na risasi zilitoka mbili.

Haikupita nusu saa akaja Orval akimvuta nyumbu, uso umemwiva kwa hasira. Alinionyesha birika lake, limetobolewa upande huu na huu. Alikuwa ameinama kufunga kiatu, risasi ikapita pale kichwa chake kilipokuwa. "Kuna mwehu huko juu!" akasema. "Umemwona? Nikimpata nitamlisha bunduki yake!"

Nikamwambia sijamwona mtu.

Ndivyo nilivyosema, kaka. Akaniamini. Akasahau hasira alipoona zile pembe, akanipiga mgongoni, akanisaidia kuchuna na kupakia nyama juu ya nyumbu wake, na njia nzima akawa ananionya nijihadhari na yule mwehu.

Nilipofika nyumbani nilimweleza Mama. Alikuwa anaosha vyombo. Hakugeuka. Alisema, "Baba yako naye alikuwa akiondoka hivyohivyo." Baba hakuteleza, Ganix. Wachungaji wenzake wa kondoo walimwona akitembea taratibu mpaka ukingoni, wakimwita, hasikii. Mama alificha kwa sababu alijua watu watasema, na kwa sababu tulikuwa wadogo. Daktari ameniambia ni kifafa, cha aina isiyomwangusha mtu. Anaendelea kutembea na kushika vitu, mwenyewe hayupo.

Na hii haikuwa mara ya kwanza. Mwezi Septemba nilijikuta nimesimamisha basi la shule nililokuwa nikiendesha, kando ya barabara, watoto thelathini na mmoja nyuma, na sikumbuki kulisimamisha. Nilijiambia ni uchovu. Siku niliyotoka kwa daktari nilirudisha funguo za basi. Kesho yake nikamwomba jirani anipeleke Wells, nikamwambia Orval mlangoni kwake kwamba mwehu ni mimi. Akafunga mlango, polepole. Simlaumu.

Sasa lililonifanya nishike kalamu. Mama anasema ulipokuwa na miaka kumi na miwili ulikuwa ukibaki mezani kijiko kikiwa hewani, macho wazi, ukiitwa huitiki. Nawe kazi yako ni kuezeka nyumba za watu. Shuka, kaka. Usipande paa lolote, hata la banda la kuku, mpaka daktari akupime. Ukiona hasira juu yangu, kasirika ukiwa chini.

Mama anakubusu, na wifi, na mapacha. Hajui kama nimekuandikia haya. Nitamwambia leo baada ya chakula.

Ni mimi dada yako anayekupenda,
Maddi