Komeo ya Mulango wa Chumba

Jumanne, 3 Juni 2025

Nimetoka dukani mikono mitupu. Mara ya pili! Nilitaka komeo tu — ya chuma, nifunge mulango wa chumba kutoka ndani. Valens, bwana yangu, akitoka kwenye maboti ya ziwani, Rubona, amekunywa, ngumi ndiyo inatangulia. Jana ilikuwa mukanda, upande wa chuma. Mugongo umepasuka.

Makomeo yamejaa ukuta muzima. Sijui gani inafaa. Vénuste, papa mwenye koti ya bluu anayeuza pale, akauliza kama anisaidie. Hapana, naangalia tu. Naangalia tu! Nikasimama mbele ya misumari kama mwizi mpaka akaondoka.

Kazini nakatia watu tiketi za basi, naongea kutwa. Pale ulimi ulikufa.

Alhamisi, 5 Juni

Leo nimeuliza. Vénuste akataka kujua: ya mulango gani, inazuia nini? Nyuma yangu watu watatu, mumoja tunasali naye. Nikasema: Ya nyumba ya kuku, papa. Juu ya mbwa, anakula kuku.

Bon, sawa. Akanipa kadogo, skrubu nne fupi. Akanieleza pole pole namna ya kuifunga. Nikaitikia tu — ndiyo, ndiyo, asante.

Jumapili, 8 Juni

Niliifunga mwenyewe kwa mulango wa chumba. Teke moja la Valens. Moja! Saa tisa ya mchana, majirani wametoka misa, redio zinaimba. Komeo iliruka ikanipasua shavu. Valens akanivuta na nywele mpaka sebuleni. Unanifungia mimi? Kwangu? Akakanyaga mukono wa kushoto, nikasikia mufupa unalia.

Jirani Donatha aligonga geti. Valens akamwambia tunahamisha kabati. Donatha akaenda.

Nikashika pasi na mukono uliobaki, nikamutupia. Ilimupata mudomo. Jino likatoka na damu. Nilifurahi — hapa naandika ukweli.

Jumatatu, 9 Juni

Hospitali wamefunga mukono plasta ya mufupa. Muganga aliuliza. Nimesema nilianguka.

Jumanne, 10 Juni

Nimerudi dukani. Kamikazi, anayepokea pesa kwenye kasa, akaita kwa sauti: Mama wa kuku! Watu wakacheka. Mi nikageuka nitoke.

Vénuste hakucheka. Aliangalia plasta, akaangalia shavu. Akanisogelea, akauliza chini chini: Mama, ile mbwa iko na miguu ngapi?

— Mbili.

Ni yote niliyosema. Miaka saba ya kuficha, neno moja! Akashusha komeo nene kama kidole gumba, na skrubu ndefu. Akasema fundi wake atakuja kuifunga leo leo.

Hapo nikasikia sauti ya Valens mulangoni. Alinifuata! Vénuste akanisukuma kwenye depo ya nyuma, akanifungia. Usitoke mpaka nikuite, mama.

Niko juu ya mifuko ya sima ya kujengea. Daftari hii natembea nayo, siwezi kuiacha nyumbani. Huko mbele vitu vinaanguka — ndoo, mabati. Valens: Toa mwanamuke wangu! Kamikazi anapigia polisi simu, analia, anataja barabara. Vénuste anasema: Papa, tulia, hapa ni dukani kwa—

Kishindo. Kamikazi amepiga kelele.

Sasa kimya.

Nimeita Vénuste. Hajibu.

Kwenye rafu iko nyundo. Mukono muzima ni mumoja tu, na umeshika kalamu. Mutu anajaribu funguo kwenye kufuli. Anajaribu ingine. Vénuste anajua funguo yake, huyu siye —