Sehemu Mia Mbili na Kumi za Rachida

Makiso, Kisangani, tarehe 14 Mei

Kwa mutoto wangu Rachida, kule Bengamisa,

Pokea salamu za mutu ambaye leo, hapa Makiso, hakuna anayeweka hesabu kwenye internet bila kubisha hodi kwake kwanza. Mutu huyo ni tonton wako, ndugu ya mama yako. Uko muzima? Ile malaria ilikuachia? Na goti la baba yako? Sisi tuko wazima, mke wangu Mama Aziza anashukuru kwa muchele.

Bon. Ni juu ya yale madaftari yako mawili ya masomo ya hesabu, uliyonitumia ili wanafunzi wa mwaka wa mwisho wayasome kwenye simu. Mama Odile, mukubwa wa shule, alimwita pia ingénieur René aje na masomo yake. René akasema mbele ya walimu wote kwamba hesabu haionekani kwenye internet bila programu kubwa, na kwamba fundi muzee wa imprimerie, wa kuchapa vitabu, abaki na wino wake. Wino wangu! Mimi niliyepanga herufi za madini ya risasi kule misheni miaka kumi na tisa, ata sehemu za hesabu zenye mimba ya sehemu zingine, mpaka askofu akaacha samaki yake ipoe akizitazama!

Nikamujibu kwamba nusu, robo, zote ni kitu kimoja: sanduku juu, mustari katikati, sanduku chini. Na kuko feuille de style, ile faili ndogo inayoambia ukurasa kila kitu kikae wapi. Donc nitatumia hiyo tu. Programu hapana, picha hapana. Mama Odile akakata maneno: Jumamosi simu za wanafunzi zitaamua, na masomo yatakayoonekana ndiyo yatafuatwa mpaka examen. Nikishindwa, madaftari yako yanarudi Bengamisa.

Nilifanya siku sita. Alama ya racine, ile ya kipeuo, ilinitesa, paa lake likakataa kurefuka juu ya hesabu ndefu. Nikalipigia mustari wa juu, likatii.

Jumamosi zilikuja simu thelathini na mbili, zingine kioo kimepasuka kama barabara ya Simi-Simi, réseau ya simu yenyewe ya kubembeleza. Ukurasa wa René ulibaki mweupe, kaduara kanazunguka tu, kwa sababu programu yake ilikuwa ingali njiani. Wa kwangu ulifunguka kwenye simu zote. Watoto wakapiga kelele mpaka wapanda toleka wakasimamisha baiskeli zao barabarani.

Hapo Mama Odile akavaa miwani, akaniuliza polepole tangu lini nusu imekuwa mbili juu ya moja. Nikatazama. Mutoto wangu, sehemu zako zote mia mbili na kumi zilisimama kwa kichwa! Ni mukono wa imprimerie: kwenye risasi tunapanga kila kitu kichwa-chini, nami nikatanguliza sanduku la chini. René akacheka, akasema Papa Mahmoudi atazigeuza moja-moja mpaka Noeli.

Nikaomba ordinateur. Nikabadilisha neno moja tu ndani ya feuille de style, nikawaambia wafungue tena. Zote zikageuka mara moja, kama askari waliosikia amri. René akaanza kutafuta kofia yake, na hakuja na kofia. Waseme sina diplôme, waseme tena! Masomo yako ndiyo yanasomwa, na jina lako liko juu ya kila ukurasa.

Niliwaambia kwamba nilizipindua makusudi, kupima macho yao. Lakini wewe siwezi kukudanganya. Nilizipitia siku sita bila kuona kosa, kwa sababu sijawahi kujua kwa nini namba moja inakaa juu na ingine chini. Kule misheni niliiga tu karatasi ya padri. Sasa watoto wananiita profesa, na jana mumoja aliniomba nijumlishe nusu na robo. Nikamwambia niko na haraka. Niandikie jibu lake, tafadhali, na namna linavyopatikana.

Nisalimie baba yako na wote wa nyumba. Mungu awalinde.

Tonton wako,
Mahmoudi