Kile Kifilipino Ulichonifundisha Jikoni

Mwanangu Baraka,

Hapa London, Thornton Heath yetu imetulia hadi naudhika. Wale watoto wa ghorofa ya juu wamehama, sina hata wa kugombana naye kwa kelele. Ungekuwepo ungesema, "Mama, wewe huridhiki." Kweli siridhiki. Nilizaa mtoto mmoja tu, mrefu, mpole, nesi wa kusifiwa wodi nzima, nikamsomesha kwa maandazi niliyochoma Voi alfajiri. Nani ataniambia niridhike bila yeye?

Nakuandikia kwa sababu ya kile Kifilipino.

Unakumbuka mwanenu Imani alipozaliwa, mkawa mnamsubiri mama mzazi wa mkeo Liza aje kutoka Ufilipino? Nilikwambia sitakaa nyumbani kwa mwanangu kama gunia la viazi wenzangu wakicheka. Ukaniita jikoni, darasa likaanza. Ulifunua sufuria: "May kanin," kuna wali. Ukatikisa kopo: "Walang asukal," hakuna sukari. "Nasaan ang asin?" Chumvi iko wapi? Nami nikapaza sauti kama niko kwaya: "Nasa mesa!" Iko mezani! Ulicheka mpaka ukaegemea friji. Mimi niliyeishia darasa la saba niliyashika yote kabla wali haujaiva. Wapo wenye digrii wasioweza hilo, na uliwaambia hivyo mwenyewe.

Mkweo alipofika nilimpokea mlangoni na kumwambia kuna kuku, kuna chai, kuna kitanda. Hatukuwa na mengine ya kuambiana, lakini hayo tuliambiana hadi siku anaondoka, na tukakumbatiana kama ndugu.

Na Liza mwenyewe, ile siku ya kwanza! Nimevaa kitenge kipya, binti anaingia, anauchukua mkono wangu na kuuweka kwenye paji la uso wake. Nikampapasa na shingo, nikakwambia, "Hana homa huyu. Mpe chai tu." Ulikaa chini kwa kicheko. Kumbe kwao ndivyo mkubwa anavyosalimiwa! Jumapili niliwaringia kina mama kanisani: wangu ananisalimu kwa paji la uso, wakwe zenu wanapunga mkono kama wanafukuza nzi.

Nikitoka sokoni alikuwa ananiuliza, "May kasama ka, Mama?" Ulikuwa na mtu? Nikitoka kanisani, vivyo hivyo. Nikakuuliza huyu ananichunga au vipi. Ukasema, "Mama, kwao mtu haachwi peke yake. Anayeumwa ana wa kukesha naye, aliyefiwa ana wa kukesha naye." Nikajibu hata sisi tuna matanga, tusifundishwe.

Halafu moyo wako ukasimama, baba. Umeketi tu, unafunga kamba za viatu uende kazini.

Wenzake Liza, manesi Wafilipino wa wodini kwake, walikuja na mito yao kwapani. Walipika, walikuombea siku tisa kama ilivyo desturi yao, walilala chini sebuleni. Nikienda kuoga, nikifungua mlango namkuta mmoja kasimama nje ananingoja. Nilinuna. Leo ningempata huyo mmoja, ningeoga mara tatu kwa siku.

Baadaye tukabaki watatu. Liza akawa anakwenda kazini usiku, mimi nalala na Imani. Mchana mmoja nilikuwa nakunja nguo, Liza anaongea na mama yake, simu iko mezani, sauti imefunguliwa. Hawakunificha kitu. Walijua Kifilipino changu ni cha chumvi na wali, na ni kweli. Ila na wao siku hiyo walisema cha chumvi na wali.

"May kuwarto dito," mama yake akasema. Kuna chumba hapa. "May eskuwelahan." Kuna shule. "Nandito kaming lahat." Sote tupo hapa.

Liza akamjibu mama yake polepole, "Nay, nandito si Mama. Wala siyang kasama."

Mama, yaani mimi, yuko hapa. Hana mtu.

Baraka, nilikuwa nimeshika soksi ya Imani, nikabaki nayo hivyo hivyo. Mimi ndiye niliyekuwa nikiwatangazia watu kwamba sirudi Voi kwa ajili ya mkwe wangu, kwamba bila mimi yule binti angeanguka. Kumbe yeye ndiye aliyenibeba. Amekonda, hana mama wala dada karibu, analia bafuni bomba likiwa wazi, na kinachomzuia kwenda kwao ni mimi.

Ningeweza kunyamaza. Ujue hilo. Ningekunja nguo zangu hadi ya mwisho, na mjukuu wangu angebaki.

Nikasogea kwenye simu. "Mayroon akong kasama," nikamwambia mama yake. Ninaye mtu. Liza akageuka. Nikaongeza, "Marami!" Wengi! Maneno yao yakaniishia, nikaendelea kwa Kiingereza changu: kina mama wa kanisa, dada zetu wa Woolwich, majirani, nyumba hii haikauki wageni, nimechoka hata kuosha vikombe. Unanijua nikianza kujisifu. Lakini sijawahi kujisifu vizuri kama siku ile.

Liza alining'ang'ania, akasema basi twende wote. Nikamwambia tulikuzika huku ili uwe karibu na mwanao. Sasa mwanao anakwenda. Na mimi nikikwenda, wewe utabaki na nani?

Wameondoka. Imani anapiga simu ya video kila Jumapili. Zamani nilimsemesha Kiswahili akanijibu Kiingereza. Sasa ananijibu Kifilipino, na meno mawili yameng'oka. Juzijuzi aliniuliza niko na nani. Nikasema wengi. "Nasaan sila?" Wako wapi? Mtoto anataka kuwaona! Nikatazama viti, vyote vimesukumwa chini ya meza. Nikasema, "Nasa tindahan." Wako dukani.

Liza akainama kwenye simu, akakiangalia chumba nyuma yangu, taratibu, kisha akaniangalia mimi. Tangu siku hiyo, Imani akianza tu kufungua kinywa, yeye humwahi: "Nasa tindahan sila, anak." Wako dukani, mwanangu. Nami naitikia kwa kichwa, nasema ndiyo, wamefuata mkate.

Ninakulilia, Baraka. Asubuhi nakulilia, na hao wawili nawalilia jioni. Lakini mke uliyenichagulia! Niambie ni mama gani mwingine hapa London ana mkwe kama huyo.

Simu hiyo inalia. Ngoja nijifunge kilemba vizuri, wanione nimependeza.

Mimi,
Mama Baraka