Kwa Maalim Hamdun, Aliyemwombea Selipher

Mwaka umetimia, Maalim Hamdun, tangu Ijumaa ile ulipoegemea mto baada ya kahawa, usiamke tena. Nyumba yako ya Kandara, hapa Jeddah, imepoa.

Siku sita ulikuwa fundi wa viyoyozi. Ijumaa, mwalimu wa kila aliyepita mlangoni. Sinia halikuguswa mpaka aliyepika naye ameketi. Ulicheka mpaka majirani wakagonga ukuta. Ulikuwa ukisema hupendi umbeya, huku umeshasogeza mto karibu usikie vizuri.

Lakini ulimi wako haukujua kupinda. "Kwenye safu ya swala tunagusana mabega," ulisema, "tukishavaa viatu, mimi nageuka abdi, mtumwa. Bilali mweusi, mwadhini wa Mtume, anasifiwa juu ya mimbari, wajukuu zake wanafagia chini yake." Na sisi wa Unguja ukatuparura vilevile: babu zetu nao walimiliki watu, na leo twawalisha watumishi jikoni.

Ami yako mmoja, hatumtaji, akakushika mkono: "Hamdun, sie wageni hapa. Usituchomee nyumba."

"Miaka sitini, ami, bado wageni? Tutakuwa wenyeji lini, kaburini?"

Mkeo Nunu alicheka akamwaga chai. Ami hakucheka.

Kisha akafariki Selipher, binti wa Kenya, Mkristo, mfanyakazi wa ndani huko Al-Suwaidi, Riyadh. Miezi minne maiti yake ikangoja karatasi. Ukapanda basi kutoka Jeddah, ukasimama nje ya chumba cha maiti, ukanyanyua mikono kumwombea afike kwa mamake. Mtu akakurekodi. Halas, basi tena! Kabla hujarudi, simu za Waswahili wote zimejaa: "Maalim amekufuru."

"Nimeomba mtoto wa watu afike kwao," ulisema. "Aliyeudhika akamwulize Mungu."

Ijumaa iliyofuata wakaja watu wanne. Ya pili, mmoja, naye alikuja kurudisha sufuria. Ukawa unakaa mbele ya sinia, macho mlangoni, unasema leo foleni ya magari mbaya.

Tungependa kukwambia mambo yamebadilika. Hayakubadilika. Selipher alizikwa huku huku. Mamake, Bi Zipporah, humpigia Nunu kuomba picha ya kaburi, na Nunu hajui liko wapi.

Hitima yako ni Ijumaa hii, baada ya Alasiri. Nunu amewapigia wote. Huyu ana wageni, yule goti linamwuma, yule "inshallah" ile ya kutokuja. Mlango utakuwa wazi.

Tangazo la msiba wako lilikuwa na majina ishirini na matatu. Safari hii wenyewe wameomba wasitajwe: kafili, yule tajiri aliyewadhamini, atasoma; ikama, kibali cha kuishi, inakaribia kwisha; watu watasemaje. Nunu hakuwalaumu. Aliwafuta mmoja mmoja, akimwuliza kila mtu, "Una hakika, mwanangu?"

Wanaokukumbuka:
Mkeo, Nunu.
Binti yako, Muna.

Hatutakusahau, sisi wawili.